Vyama vya siasa vilizaliwaje, na kwa nini asili yake bado inaamua kazi yake leo

#1 – Mleta mada

Ndugu wanajukwaa,

Katika uchaguzi wa Agosti 1960, uliotangulia uhuru wa Tanganyika, TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichosalia, cha Mbulu, hakikwenda kwa chama pinzani. Kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea aliyepitishwa na chama hichohicho. Kwa lugha ya leo tungemwita mgombea binafsi, na kwa sheria ya leo asingepewa hata fomu ya kugombea.

Nauleta uzi huu kwa sababu mijadala yetu kuhusu vyama huanzia katikati. Tunabishana nani aondoke na nani aingie, huku tukivichukulia vyama kama vitu vilivyokuwapo tangu zamani, ilhali viliundwa na watu, kwa haja fulani na katika wakati fulani. Hoja yangu ni kwamba demokrasia ya taifa kubwa haiwezi kwenda bila vyama, lakini haki ya chama kuwasemea watu hutokana na jinsi kilivyozaliwa miongoni mwao na jinsi kinavyoendelea kutegemea ridhaa yao. Haitokani na cheti cha Msajili wa Vyama vya Siasa.

Tuanzie mbali kidogo, kwa ufupi. Huko Uingereza makundi mawili ya kwanza yaliyostahili kuitwa vyama yalijitokeza bungeni kati ya 1679 na 1681, katika mzozo wa kama James, ndugu Mkatoliki wa mfalme, azuiwe kurithi kiti cha enzi. Yalikuwa makundi ya wakubwa; mkulima wa kawaida hakuwa na kadi wala kura. Marekani nayo iliandika Katiba yake mwaka 1787 bila kuvitaja vyama hata mara moja, na George Washington aliwaaga wananchi wake mwaka 1796 kwa kuwaonya juu ya roho ya uvyama, ingawa kufikia wakati huo wafuasi wa Hamilton na wafuasi wa Jefferson walikuwa wamekwisha kugawanyika pande mbili. Haki ya kupiga kura ilipopanuliwa Uingereza mwaka 1832, na tena mwaka 1867, makundi yale ya bungeni yalilazimika kutafuta watu mitaani, kuwaandikisha na kufungua matawi. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuzaliwa kwa chama, yaani kuanzia ndani ya bunge kwenda nje.

Njia ya pili ni kinyume chake. Mwezi Februari 1900 vyama vya wafanyakazi na makundi ya kisoshalisti yalikutana London yakaunda kamati ya kuwapeleka wafanyakazi bungeni. Mwaka 1906 kamati hiyo ilipata wabunge 29 na ikajiita Labour. Hawa walikuwa na wanachama kabla ya kuwa na wabunge, na kwa muda mrefu wabunge wao walitakiwa kujieleza mbele ya waliowatuma.

Chama chetu cha ukombozi kilipita njia hiyo ya pili, na hapa naomba tukae kidogo. African Association ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 na makarani, walimu na watumishi wengine wa mjini, wala haikuwa chama cha kudai madaraka. Ilikuwa jumuiya ya ustawi na umoja, ambayo baadaye, mwaka 1948, ilichukua jina la Tanganyika African Association. Kilichoibadilisha ni madai yaliyotoka mashambani na masokoni. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasilisha malalamiko yao. Kule Usukumani wakulima wa pamba walikuwa wakijenga ushirika wao chini ya Paul Bomani, wakipinga kupunjwa kwenye mizani na bei. Serikali ya kikoloni ilipowakataza watumishi wake, kwa waraka wa 1953, kuwa wanachama wa jumuiya za kisiasa, iliwaondoa makarani wengi kwenye uongozi, na nafasi zikabaki kwa watu ambao riziki yao haikutoka serikalini. Nyerere mwenyewe aliacha ualimu Pugu mwaka 1955 alipotakiwa kuchagua kati ya kazi na siasa.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilirithi mtandao huo wote. Bibi Titi Mohamed alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake hakuanza na ofisi, bali aliwaendea wanawake wa vikundi vya ngoma na lelemama, ambao tayari walikuwa na viongozi wao, michango yao na desturi ya kukutana. Huo ndio msingi wa chama chenye mizizi: watu walikwisha kupangika kwa mambo yao wenyewe, na chama kikaja kuunganisha madai yao yakawa dai moja la taifa.

Sasa linganisheni na chama kingine cha wakati huohuo. Mwaka 1956 ulianzishwa United Tanganyika Party, kwa kutiwa moyo na Gavana Twining, ili kuizuia TANU. Kilikuwa na fedha, watu wenye vyeo na upendeleo wa serikali, wakati TANU ilikuwa ikizuiwa kufanya kazi katika wilaya kadhaa. Ulipofika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, UTP kilishindwa vibaya, na muda mfupi baadaye kikatoweka. Upendeleo wa gavana haukuweza kuziba nafasi ya matawi ambayo hakikuwa nayo.

Mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ulioamua kuingia katika uchaguzi huo wenye masharti ya kibaguzi, unatuonyesha pia kazi nyingine ya chama, ambayo ni kubishana ndani kisha kusimama na uamuzi mmoja. Wengi hawakuyapenda masharti yale. Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake, African National Congress, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Waliobaki walikubali uamuzi wa mkutano wakaenda kuutetea vijijini, na bila nidhamu ya namna hiyo dai la wengi hubaki kuwa manung'uniko ya kila mtu na mlango wake.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1965 Tanganyika ikawa ya chama kimoja kisheria, huku Zanzibar ikiwa na ASP (Afro-Shirazi Party). Sitaki kuusema wakati ule kwa ubaya mtupu, kwa sababu uchaguzi wa 1965 uliwapa wananchi wagombea wawili katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na hata mawaziri waliangushwa. Lakini wagombea hao walipitishwa na Halmashauri Kuu, na mabadiliko ya Katiba ya 1975 yakakifanya chama kuwa na kauli juu ya vyombo vyote vya dola. Chama kilichokuwa kikibeba sauti za watu kwenda serikalini kikawa sasa kinabeba maagizo ya serikali kwenda kwa watu, kupitia kwa balozi yuleyule wa nyumba kumi. TANU na ASP zilipoungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977, hali hiyo ilikuwa imekwisha kukomaa.

Ndipo tukafika 1992. Tume ya Jaji Nyalali iliripoti kuwa takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee na asilimia 20 walitaka vyama vingi, na bado ikapendekeza vyama vingi, pamoja na kutaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Naamini Tume ilitenda sawa, kwa kuwa haki ya mtu kujiunga na wenzake haipimwi kwa wingi wa wasioitaka. Hata hivyo mlango ulifunguliwa kwa uamuzi wa juu, na vyama vipya vikaanza kutafuta wanachama baada ya kupata usajili wa muda. Sheria iliwataka wawe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua kumi, ikiwamo mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba. Hicho ni kipimo cha kuenea, na nakiunga mkono kwa sababu kinazuia chama cha kabila moja au dini moja, lakini hakipimi kama wanachama hao wana neno lolote katika chama chao. Wakati huohuo CCM ilibaki na mabalozi, majengo na viwanja vya michezo vilivyojengwa enzi ambazo chama na dola vilikuwa kitu kimoja.

Juu ya msingi huo mwembamba tukaweka uzito mkubwa mno. Ibara za 39 na 67 za Katiba zinamtaka mgombea urais na mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho, na Ibara ya 71 inamwondolea mbunge kiti akikoma kuwa mwanachama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti la kwanza mahakamani kwa miaka takriban ishirini. Jaji Lugakingira alimpa haki mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba ili sharti libaki. Mahakama Kuu ikampa haki tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge. Na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaamua kuwa sharti hilo linavunja haki yake ya kushiriki katika uongozi wa nchi yake na haki ya kutolazimishwa kujiunga na chama. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilimruhusu mgombea huru, lakini Katiba mpya haijapatikana.

Kwa hiyo naweka mezani swali moja: je, chama ambacho hakijathibitisha kuwa wanachama wake ndio wanaochagua wagombea wake, kinastahili kuwa njia pekee ya mwananchi kuufikia uongozi?

#2 – Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta mada, ahsante kwa uzi uliotulia. Naomba nikuongezee upande wetu, kisha nikupinge kidogo.

Hapa Kenya asili ya vyama ina jeraha lake. Baada ya Hali ya Hatari ya 1952, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku vyama vya Waafrika vya nchi nzima, na ilipolegeza mwaka 1955 iliruhusu vyama vya wilaya pekee. Kwa kuwa wilaya zilichorwa kufuata makabila, kizazi kizima cha wanasiasa kilijifunza kupanga watu kwa wilaya na kwa kabila. KANU na KADU zilipoundwa mwaka 1960 zilikuwa miungano ya viongozi waliokwisha kujijenga kila mtu kwao. Tukisema leo kwamba chama cha Kenya ni gari la mtu mmoja na jamii yake, tukumbuke nani aliyeweka kanuni hiyo kwanza. Nanyi mlikuwa na bahati ya lugha moja iliyowafikisha wasemaji wa TANU karibu kila mahali bila mkalimani, jambo ambalo umelipita bila kulitaja.

Sasa nipinge. Katiba yetu ya 2010 inamruhusu mgombea huru, na mwaka 2017 walijitokeza kwa maelfu. Wengi wao walikuwa wameshindwa katika kura za mchujo za vyama vyao, baadhi kwa haki na baadhi kwa hila. Waliochaguliwa walifika bungeni wakajipanga nyuma ya vinara walewale. Vyama vyenyewe havikutengenea: serikali ya 2002 iliingia kwa NARC, ya 2007 kwa PNU, ya 2013 kwa muungano wa Jubilee, ambao vyama vyake viliunganishwa kuwa chama kimoja mwaka 2016, na ya 2022 kwa UDA. Kila uchaguzi tunapewa jina jipya, rangi mpya na manifesto mpya, na mpiga kura hana chama cha kukiuliza kilifanya nini na ahadi za miaka kumi iliyopita. Mgombea huru ni haki, sikatai. Ila usitarajie kwamba haki hiyo itavitia vyama adabu.

#3 – Mchangiaji, Mwanza

Wakuu, nimewasoma nyote wawili na naona mnazunguka jambo lililo wazi. Ikiwa vyama ni vya wakubwa, vinapitisha wanaowataka na kuwafukuza wasiowataka, kwa nini tusichague watu kwa sifa zao tu? Mtu akigombea kwa jina lake, wananchi wanamjua, wanamwajiri na wanamfukuza wenyewe. Kijijini kwetu tunamjua mtu kwa kazi zake, hatuhitaji bendera ili tumtambue mwadilifu.

#4 – Mleta mada

Ndugu wa Mwanza, hoja yako ni ya dhati na ilikwisha kujaribiwa kwa majirani zetu. Uganda, tangu 1986 hadi kura ya maoni ya 2005, ilifuata mfumo wa Movement ambao ndani yake mgombea alisimama kwa sifa zake binafsi na vyama vilizuiwa kumpigia kampeni. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kijinga, kwa kuwa vyama vya kale vilikuwa vimefuata mipaka ya dini na maeneo, na nchi ilikuwa imetoka vitani. Lakini kundi lililoshika serikali lilikuwa na ofisi, magari, mtandao na kiongozi, na mgombea mmoja mmoja aliyelipinga alikuwa na jina lake tu. Vyama vingi viliporudi, Movement ilikuwa tayari chama kamili kilichotangulia wenzake kwa miaka karibu ishirini. Ukizuia vyama, hukiondoi chama cha waliomo madarakani. Unawaondolea wengine wote uwezo wa kujipanga.

Tena, kumjua mtu kijijini kunatosha kwa mwenyekiti wa kijiji. Mbunge hupigia kura bajeti, kodi, sheria ya ardhi na mikataba ya madini, na wabunge zaidi ya mia tatu waliochaguliwa kila mmoja kwa uadilifu wake hawajatuambia watafanya nini kwa pamoja. Bei ya pamba ya wakulima wa kwenu haitabadilishwa na mwadilifu mmoja. Itabadilishwa na wengi waliokubaliana kabla ya uchaguzi, wakaahidi hadharani, na wakawa tayari kuondoka pamoja wakishindwa kutimiza.

Kwako ndugu wa Mombasa, nakubali kuhusu Kiswahili. Lilikuwa jambo kubwa na ulistahili kunikumbusha. Kuhusu mgombea huru, nadhani tofauti yetu ni ndogo. Simtarajii avitie adabu vyama kwa kushinda viti vingi. Uwezo wake uko katika kuwapo kwake. Hapa kwetu mara kadhaa mshindi wa kura za maoni za chama amewekwa kando na vikao vya juu, na akibaki na njia mbili tu, kunyamaza au kukimbilia chama asichokiamini, vikao hivyo havina cha kuhofia. Ndiyo maana wanasiasa wetu huhama kama tulivyoona mwaka 2015, Edward Lowassa alipotoka CCM akawa mgombea urais wa CHADEMA akiungwa mkono na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, akapata karibu asilimia 40 ya kura, kisha akarudi CCM mwaka 2019. Chama kilichompokea kilipata kura nyingi kuliko wakati wowote kabla yake, lakini kililazimika kumtetea mtu ambaye kwa miaka kilikuwa kikimshutumu hadharani. Hasara ya namna hiyo huwapata kwanza wanachama wa chini waliokuwa wakiyaamini maneno ya viongozi wao.

#5 – Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mnaijadili Tanganyika na mnaigusa Zanzibar kwa mstari mmoja, ilhali kwetu ndiko vyama vilikotufundisha somo zito zaidi.

Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, ilianzishwa mwaka 1955. ASP ilizaliwa Februari 1957 kwa kuungana African Association na Shirazi Association, na mwaka 1959 baadhi ya viongozi wake wakajitenga wakaunda ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) chini ya Muhammad Shamte. Uchaguzi wa Januari 1961 uliipa ASP viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3, serikali ikashindikana. Ule wa Juni ukaleta 10, 10 na 3, ukafuatiwa na ghasia zilizoua watu 68. Mwezi Julai 1963 ASP ilipata karibu asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, na Hizbu na ZPPP zikaunda serikali kwa viti 18. Miezi sita baadaye yakatokea Mapinduzi.

Vyama vile vilikuwa na mizizi, ndugu mleta mada, tena mirefu. Vilikuwa na matawi, maskani, magazeti na maduka. Watu waligomeana kununua bidhaa na kuzikana kwa sababu ya chama. Kwa hiyo mizizi peke yake haitoshi. Chama chenye watu kinahitaji pia mizani ya kura ambayo aliyeshindwa anaiamini, na sisi tulikuwa na mgawanyo wa majimbo uliompa mwenye kura chache serikali. Pakikosekana hilo, kadiri chama kinavyowashika watu ndivyo hatari inavyokuwa kubwa.

Na juu ya kuhama, mnajua yaliyotokea Machi 2019. Maalim Seif Sharif Hamad alipoondoka CUF baada ya mgogoro mrefu wa uongozi, wafuasi wake walihama naye wakaingia ACT-Wazalendo, na wenyewe wakauita mwendo ule kushusha tanga na kupandisha tanga. Ofisi zilibadilishwa rangi kwa siku chache. Ukiniuliza mimi, hiyo ni dalili kwamba chama halisi kilikuwa wale watu, na usajili ulikuwa nguo tu.

#6 – Mleta mada

Wa alaykum salaam, ndugu wa Unguja. Umenisahihishia jambo la msingi nami nalipokea: nilipima chama kwa kuzaliwa kwake tu, nawe umeonyesha kuwa chama kilichozaliwa vyema kinaweza kuipasua nchi ikiwa kanuni za ushindani haziaminiki. Naongeza kwamba mwaka 1963 na leo vinafanana katika hili, kwamba anayesimamia uchaguzi na anayechora majimbo lazima awe mtu ambaye vyama vyote vinaweza kumkubali kabla ya kura, kwa sababu baada ya kura ni kuchelewa.

Ila sikubaliani nawe kikamilifu kuhusu 2019. Watu walihama pamoja, na hilo linathibitisha umoja wao, lakini walimfuata kiongozi mmoja. Maalim alifariki Februari 2021, na chama kile bado kipo, kina viongozi wengine na bado kina watu. Hilo ndilo jaribio ambalo vyama vyetu vingi vya bara havijalipita: mwanzilishi akiondoka, je, kuna mkutano wenye uwezo wa kumchagua mwingine bila kwenda mahakamani au kugawanyika vipande viwili?

Ningependa tuendelee na uzi huu kwa kutazama nyaraka badala ya hisia. Vyama vyenye wabunge na kura za kutosha hupokea ruzuku kutoka hazina, yaani fedha ya mlipa kodi asiye mwanachama, kwa hiyo katiba zake si siri ya mtu. Aliye na katiba ya chama chake, kiwe CCM, CHADEMA, ACT-Wazalendo, CUF au kingine chochote, atuwekee hapa vifungu vitatu: nani ana neno la mwisho katika uteuzi wa mgombea ubunge, mwanachama aliyefukuzwa anakata rufaa kwa nani, na mkutano mkuu unaweza kuitishwa na nani ikiwa viongozi hawataki kuuitisha. Ndugu wa Mombasa naye atuletee vya kwao. Nitavipanga vyote katika jedwali moja kadiri vitakavyokuwa vikifika.